Marjory Warren: Daktari aliyewainua wazee waliokatiwa tamaa

Kila alfajiri katika miji ya Uingereza, maelfu ya wahudumu, wakiwamo wengi waliotoka Afrika Mashariki, huingia kazini katika nyumba za kutunzia wazee na katika wodi za hospitali. Miongoni mwa mambo ya mwanzo wanayofundishwa ni kwamba mzee anayeweza kuinuka asiachwe kitandani mchana kutwa. Leo hilo ni jambo la kawaida. Katika miaka ya 1930 lilikuwa jambo geni, na mmoja wa waliofanya kazi kubwa zaidi ya kulibadili alikuwa daktari mwanamke wa London, Marjory Warren.

Wengi wa wanaoifuata kanuni hiyo hawajapata kulisikia jina lake. Hata hivyo, madaktari wa wazee humwita mama wa taaluma yao.

Daktari wa upasuaji

Marjory Winsome Warren alizaliwa London mwaka 1897, binti wa mwanasheria. Alijifunza udaktari katika Hospitali ya Royal Free wakati ambapo milango ya vyuo vingi vya tiba ilikuwa bado migumu kwa wanawake, akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1926 aliajiriwa Isleworth, magharibi mwa London, katika hospitali ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la West Middlesex. Huko alijishughulisha zaidi na upasuaji, akapanda cheo hadi kuwa naibu wa mkuu wa madaktari.

Lililoyageuza maisha yake halikuwa chaguo lake. Mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa wodi za jengo jirani, lililokuwa nyumba ya maskini. Kazi ya kuwaangalia waliolazwa humo akapewa yeye. Walikuwa wagonjwa 714.

Nyumba za aibu

Ili kuelewa alichokikuta, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Chini ya sheria ya mwaka 1834, fukara wa Uingereza na Wales aliyetaka msaada wa umma alitakiwa aingie katika nyumba za kazi, ambazo makusudi zilifanywa kuwa mahali pagumu ili mtu asizikimbilie ila kwa dhiki kuu. Kadiri miaka ilivyopita, waliozijaza hawakuwa tena vijana wasio na ajira, bali wazee, vilema na wagonjwa wasio na jamaa wa kuwatunza. Mwaka 1930 nyumba hizo zilipelekwa chini ya halmashauri za majimbo. Usimamizi ulibadilika, lakini kuta na aibu yake vilibaki.

Katika wodi hizo Dakta Warren alikuta watu wa kila namna wamechanganywa pamoja. Aliyepatwa na kiharusi alilala karibu na aliyepotewa na akili, na aliyevunjika nyonga miaka mingi nyuma alilala karibu na asiye na maradhi makubwa ila udhaifu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huko uji uliletwa na shuka zilibadilishwa, lakini hapakuwa na aliyekuja kuuliza ugonjwa wenyewe ni upi. Wengi hawakuwa wamepimwa sawasawa tangu siku waliyoingia. Walikuwa wameandikwa kuwa wagonjwa wa kudumu, na jina hilo likawa hukumu.

Kitanda baada ya kitanda

Alianza na jambo ambalo kila daktari hulifanya kwa mgonjwa wa kawaida: kumpima kila mmoja tangu mwanzo na kutafuta kinachomsumbua. Kisha akawagawa kwa makundi, kulingana na hali ya miili na akili zao, ili kila kundi lipate wodi na matunzo yanayolifaa.

Kazi hiyo ilimfunulia jambo zito. Sehemu kubwa ya ulemavu aliouona haikuletwa na uzee, bali na kitanda. Mtu aliyelazwa miezi na miaka bila kuinuliwa, misuli yake hunyauka, viungo hukakamaa, ngozi huchubuka na kuwa vidonda, na mwishowe hushindwa kujizuia haja. Baada ya hapo hali hiyo hiyo hutajwa kuwa sababu ya kumwacha alale.

Alianza kuwainua. Aliwashirikisha wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na maofisa wa ustawi wa jamii, wote wakifanya kazi kwa shabaha moja. Wodi zilipakwa rangi za kung'aa na taa ziliongezwa. Waliopooza upande mmoja walifundishwa upya kusimama, kutembea, kuvaa na kula wenyewe.

Baadhi walirejea majumbani na wengine wakahamia makazi ya kawaida ya wazee. Vitanda vilivyohitajika kwa wagonjwa wa aina hiyo vilipungua kutoka 714 hadi 240, na baadhi ya vilivyobaki vikatumiwa na wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa wanaopanga bajeti, hiyo ilikuwa hoja ambayo si rahisi kuipuuza.

Kutoka wodini hadi kwenye sera

Dakta Warren alitambua kuwa mafanikio ya hospitali moja hayatoshi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, maelfu ya wagonjwa wa muda mrefu waliondolewa hospitalini ili vitanda viwe tayari kwa majeruhi wa mabomu. Ilidhihirika wazi kwamba hao ndio waliokuwa wa kwanza kutolewa na wa mwisho kukumbukwa.

Mwaka 1943 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, akafuatia na nyingine katika Lancet mwaka 1946. Alidai mambo ambayo wakati huo yalikuwa makubwa: wazee wagonjwa watibiwe ndani ya hospitali kuu, penye vipimo na wataalamu, si katika majengo ya pembeni; tiba ya wazee iwe fani kamili; na wanafunzi wa udaktari wafundishwe katika wodi hizo. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa madaktari wachache walioanzisha chama ambacho sasa ni Chama cha Tiba ya Wazee cha Uingereza.

Huduma ya Taifa ya Afya ilipozinduliwa Julai 1948, fani hiyo ilipata nafasi ndani yake, na madaktari bingwa wa wazee wakaanza kuteuliwa.

Ushindi huo haukukamilika. Mwaka huo huo wa 1948 sheria nyingine ilizika rasmi mfumo wa zamani wa kuwasaidia maskini, lakini ikaacha makazi ya wazee mikononi mwa serikali za mitaa, kwa malipo kulingana na uwezo wa mtu. Hivyo tiba ikawa bure na matunzo yakawa ya kulipiwa. Mpaka huo umezisumbua serikali za Uingereza tangu wakati huo, na familia kadhaa zimelazimika kuuza nyumba ili kumtunza mzazi.

Dakta Warren hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alifariki mwaka 1960 kutokana na ajali ya gari akiwa safarini katika bara la Ulaya, bado akiwa kazini.

Mafunzo yake hayawahusu Waingereza peke yao. Katika nyumba zetu pia, Unguja, Kisumu au Bujumbura, mzee akianza kuanguka, kusahau au kushindwa kutoka kitandani, neno la haraka ni kwamba ni uzee tu, na nia ya anayelisema mara nyingi ni njema. Lakini anayelisema amekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi, kama ilivyokuwa katika wodi za Isleworth. Marjory Warren hakuwa na dawa mpya wala mashine ya ajabu. Alikataa tu kuamini kwamba mgonjwa ambaye hajapimwa ni mgonjwa asiyeponyeka.