Louis Pasteur: Kutoka vumbi la hewani hadi kipindupindu cha kuku

Wafugaji wanaotuandikia katika kipindi chetu cha kilimo na mifugo huuliza swali moja kwa namna nyingi. Banda limefungwa vizuri, mgeni hakuingia, chakula ni kilekile cha juzi, lakini asubuhi kuku wameokotwa wamekufa. Ugonjwa umepita wapi? Leo tunamwangalia mtu aliyehangaika na swali la namna hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwanza kwa kuichunguza hewa yenyewe, kisha kwa kuwachunguza kuku.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, askari wa zamani wa Napoleon, na familia ilihamia mji mdogo wa Arbois ambako Louis alikulia. Hakusomea udaktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa mwanakemia, na hilo lilimletea maneno mengi baadaye, maana madaktari hawakupenda kufundishwa kazi yao na mtu wa maabara.

Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba vijidudu hujizaa vyenyewe ndani ya kitu kinachooza. Félix Pouchet wa mji wa Rouen aliitetea hoja hiyo kwa nguvu. Pasteur aliona kwamba vijidudu vinatoka nje, vimebebwa na vumbi la hewani. Ili kuonyesha hivyo, alichemsha maji ya hamira yenye sukari ndani ya chupa, akaziba shingo za chupa kwa moto wakati bado zinachemka. Kisha alizibeba hadi mahali alipotaka, akavunja ncha ya shingo, hewa ya pale ikaingia kwa kasi, akaziba tena na kusubiri.

Matokeo yake tunayapenda kwa sababu kila mtu anaweza kuyafuata. Katika vyumba vya chini ya ardhi vya jengo la wanaanga la Paris, ambako hewa imetulia, chupa 10 zilifunguliwa na 1 tu ikaharibika. Katika ua wa jengo hilohilo alifungua chupa 11, na zote 11 zikaharibika. Huko mashambani karibu na Arbois ziliharibika 8 kati ya 20. Juu ya mlima, kwenye mita 850, zikawa 5 kati ya 20. Mwaka 1860 alipanda hadi kwenye barafu ya Mer de Glace, kama mita 2,000, na huko ikaharibika 1 tu kati ya 20.

Hapo ndipo mfugaji anapoweza kuvuta kiti. Bakteria hawana mabawa. Wanasafiri juu ya vumbi au ndani ya matone madogo ya pumzi na mafua, na ndani ya banda vumbi hilo ni kinyesi kilichokauka, vipande vya manyoya na ngozi, unga wa chakula na maranda yaliyosagika. Kuku wakitulia, sehemu kubwa hushuka chini. Wakipiga mabawa, au ukifagia pakavu, linapanda tena. Bakteria wengi kati ya hao hawana madhara makubwa, lakini harufu kali ya amonia ikishachubua njia ya hewa ya kuku, hata E. koli wa kawaida hupata mlango. Mfugaji anayekohoa kila akitoka bandani naye amevuta vumbi hilohilo. Kufunga banda pande zote kwa kuogopa baridi, jambo tunaloliona sana, ni kulifungia vumbi na amonia humo ndani pamoja na kuku.

Pasteur aliyajua magonjwa hata nje ya maabara. Binti yake Jeanne alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1859, na kufikia 1866 alikuwa amezika watatu. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto wa mwili wake. Tangu hapo majaribio mengi yalifanywa na mikono ya wasaidizi wake, yeye akiongoza.

Mwishoni mwa mwaka 1878 alipokea kutoka kwa Henri Toussaint, mwalimu wa chuo cha madaktari wa mifugo cha Toulouse, kichwa cha jogoo aliyekufa kwa kipindupindu cha kuku. Tusichanganye ugonjwa huu na kideri, ambacho watu wengine huita mdondo. Kideri huletwa na virusi, kipindupindu cha kuku huletwa na bakteria, na chanjo ya kimoja haizuii kingine. Pasteur aliwaotesha bakteria hao katika supu ya kuku. Alionyesha pia kwamba kuku aliyelishwa chakula chenye bakteria huugua, na kinyesi chake huwaambukiza wenzake.

Kisha ikaja chanjo. Inasimuliwa kwamba supu iliyosahauliwa wakati wa likizo ya mwaka 1879 ilidhoofisha bakteria kwa bahati tu. Madaftari yake yanaonyesha kazi ndefu zaidi, ambayo msaidizi wake Émile Roux alihusika nayo sana. Mwezi Februari 1880 Pasteur alitangaza kwamba kuku waliochomwa bakteria waliodhoofishwa hustahimili wale wakali. Njia yenyewe aliificha hadi Oktoba. Mabishano yakachemka kiasi kwamba Jules Guérin, mzee aliyekaribia miaka 80, alimtaka wapigane kwa silaha. Yakaisha kwa barua ya kuomba radhi. Siri ilipotoka, ikajulikana kwamba kilichowadhoofisha bakteria ni oksijeni ya hewa. Hewa aliyoianika kama msafirishaji wa vijidudu ndiyo iliyomsaidia kuvifuga.

Tunamheshimu, lakini sifa zake hazifuti deni. Mwaka 1880 Toussaint alitangaza chanjo yake ya kimeta. Mwaka uliofuata, huko Pouilly-le-Fort, Pasteur aliwachanja kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6 mbele ya watu, akashangiliwa kote Ulaya. Wasikilizaji wake walidhani ametumia njia ya oksijeni. Kumbe ilitumika chanjo ya msaidizi wake Charles Chamberland, iliyotengenezwa kwa kemikali, jambo lililoikaribia njia ya Toussaint. Hakulisema hadharani, na familia yake aliiagiza isimwonyeshe mtu madaftari yale. Watafiti waliyasoma miaka ya 1970.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885 inajulikana kwa wengi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za taifa. Bakteria wa kipindupindu cha kuku walikwisha kupewa jina la Pasteurella mwaka 1887, na ndilo madaktari wa mifugo wanalolitumia hadi leo. Toussaint alikufa mwaka 1890, akiwa na miaka 43.