Maisha ya Okot p'Bitek, Mshairi Aliyeishi Ugenini



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya watu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Alilelewa katika nyumba ya Wakristo, na alipokuwa mtu mzima akaiacha imani hiyo na kuikosoa misheni kwa maneno makali. Huenda wengine mtashangaa. Lakini mtu huyu alikuwa Mganda aliyeishi miaka mingi Kenya, ng'ambo ya mpaka huu wetu, kwa sababu nchini mwake hapakuwa na usalama kwake. Na swali linalopita katika vitabu vyake ndilo tunaloulizana jioni tukikaa nje: mtu akitengwa na kwao, anabaki kuwa nani?

KUZALIWA NA MALEZI

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1931. Jina Okot hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na ile p' inayotangulia Bitek maana yake ni "wa". Kwa hiyo jina lake peke yake lilieleza siku aliyozaliwa ilikuwaje na yeye ni wa nani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na msimulizi hodari wa hadithi. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, aliyejulikana kwa ngoma za Kiacholi. Kitabu cha Mungu na ngoma za wazee vilikaa chini ya paa moja, na mtoto akavinywa vyote viwili.

Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, kisha akasomea ualimu Mbarara. Akarudi kwao kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker, ambako aliongoza pia kwaya. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alitoa kitabu chake cha kwanza, Lak Tar, kwa lugha ya Kiacholi. Kinasimulia habari za kijana maskini anayetoka kwao kwenda kusini mwa Uganda kutafuta pesa ya mahari, na mwishowe anarudi mikono mitupu. Walioacha kijiji kutafuta riziki wakakosa njia ya kurudi kwa heshima watamwelewa kijana huyo.

MPIRA WAMFIKISHA ULAYA

Okot alikuwa pia mchezaji mzuri wa mpira. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, na timu iliporudi yeye akabaki kusoma. Alisomea elimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth, kisha akaingia Oxford kusoma mila na desturi za watu. Huko aliwasikia wasomi wakiwaita Waafrika washenzi na watu wasiostaarabika. Alipinga, lakini hawakuacha. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki akaandika utafiti juu ya nyimbo za Waacholi na Walango, yaani zile nyimbo za mama yake, katika chuo kilekile kilichoziona kuwa si kitu.

LAWINO NA OCOL

Aliporudi Uganda alifundisha Makerere, akawa mkurugenzi wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza pale Kampala, na kule Gulu akaanzisha tamasha la sanaa. Mwaka 1966 kikatoka kitabu kilichompa jina duniani, Song of Lawino. Alikuwa amekitunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka 1975 kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa.

Lawino ni mwanamke wa kijijini asiyesoma. Mume wake, Ocol, amesoma sana, naye anamwonea haya mke wake, chakula chake, nywele zake na lugha yake. Amepata mwanamke mwingine anayejipodoa kama Mzungu. Lawino analalamika, lakini hatetereki. Anaujua ukoo wake, na anakumbuka jinsi alivyowaongoza wasichana wenzake katika ngoma. Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika kitabu kingine. Ocol ana nyumba, gari na cheo, lakini anajichukia kwa kuzaliwa Mwafrika, na anataka vyote vya zamani vichomwe.

Katika Lawino mna methali ya Kiacholi kuhusu boga. Waacholi walipohama mji, walivuna walichoweza wakaondoka, lakini mboga iliyoota katika mji wa zamani hawakuing'oa. Iliachwa ikaendelea kutambaa. Haikuwa inawazuia kuhama, na mpita njia mwenye njaa angeweza kuichuma. Okot hakuwa akisema watu wasihame wala wasisome, maana yeye mwenyewe alisoma mpaka Oxford. Alikuwa akisema kwamba kuhama si sababu ya kuharibu ulikotoka.

UGENINI

Furaha ya nyumbani haikudumu. Maneno yake hayakuipendeza serikali ya Obote, naye akapoteza kazi yake ya ukurugenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia Kisumu, akifanya kazi chini ya chuo kikuu cha Nairobi. Wajaluo wa Kisumu, Wajopadhola wa Tororo hapa jirani na Waacholi wa Gulu ni jamaa moja ya Waluo, na lugha zao ni ndugu. Mgeni huyu alikuta watu ambao nusu ya maneno yao aliyajua tayari. Hakukaa kusubiri habari za nyumbani. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa pale Kisumu, kama alivyofanya Gulu.

Mwaka 1971 Idi Amin alichukua nchi, na Waacholi wengi, hasa wanajeshi, wakauawa. Mlango wa kurudi ukafungwa. Okot akakaa Nairobi akifundisha katika chuo kikuu. Mwaka huohuo wa 1971 alitoa wimbo wa mfungwa, Song of Prisoner. Ukiusoma baada ya Lawino, utaona tofauti. Lawino ana sauti moja, anajijua. Mfungwa yuko gizani, amepigwa, anawaza watoto wake wenye njaa, na maneno yake kuhusu yeye mwenyewe yanabadilika-badilika, hata wachambuzi hawajakubaliana kama ni mfungwa mmoja au wengi. Okot ametuonyesha watu watatu. Lawino ana kwao. Ocol ana mali na usalama, lakini amekataa kwao. Mfungwa amenyang'anywa vyote viwili, na hapo hata kujijua kunakuwa kazi ngumu.

ALIVYOLISEMA KANISA

Katika maandishi yake ya utafiti, Okot alisimulia jinsi wamisionari wa kwanza walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno linalolingana na kuumba, na wazee hawakulielewa swali. Mwishowe wakaulizwa ni nani anayewafinyanga. Wazee wakajibu kwamba Rubanga hufinyanga watu, kwa maana walimjua Rubanga kama pepo anayepinda migongo ya watu wakawa vibyongo. Jina hilo likachukuliwa kuwa jina la Mungu.

Sisi hatukubaliani na Okot katika yote. Hatuamini kwamba injili ilileta aibu tu, maana wengi wetu ndiyo iliyotushika mkono njiani. Lakini kosa alilolitaja ni la kweli, nalo ni kufundisha kabla ya kusikiliza. Sisi tunaohubiri hapa kwa Kiswahili, na mkalimani akitafsiri, imetupasa kuuliza maneno yetu yanaposikika kwa lugha ya mama yanageuka kuwa nini. Biblia nayo haiwaoni watu kama wasio na kwao. Danieli na wenzake walipewa majina ya Babeli, wakajifunza lugha ya Babeli na kumtumikia mfalme wake kwa uaminifu. Majina yao ya nyumbani hayakupotea, nasi tunayajua mpaka leo.

KURUDI

Amin aliangushwa mwaka 1979. Okot, aliyekuwa amefundisha pia Nigeria, alirudi Makerere, na mwaka 1982 akapewa uprofesa wa kufundisha utunzi. Hakuufaidi. Alifariki Kampala mwezi wa Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 51. Binti yake Juliane, aliyezaliwa Kenya wakati wa ukimbizi wa wazazi wake, leo ni mshairi anayejulikana, naye anaishi Kanada.

Baada ya kifo chake vita vya kaskazini viliwatoa vijijini watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Waacholi, wakajazana kambini. Walipoanza kurudi baada ya mwaka 2006 walikuta miji yao imemezwa na majani. Na mpaka huu wetu umeshapitiwa pande zote mbili. Miaka ya 1970 Waganda walikimbilia Kenya. Mapema mwaka 2008 Wakenya walivuka Busia na Malaba kuja Uganda, na wengi walipokelewa Mulanda, Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Aliyempokea mgeni jana, kesho anaweza kuwa mgeni.

Ndugu zetu, kadi ya mgao inaonyesha familia ina watu wangapi. Haionyeshi ni watoto wa nani. Hilo ni letu sisi kulisema. Tunao watoto waliozaliwa ugenini, wanaoficha lugha ya mama mbele ya wenzao shuleni ili wasichekwe. Tusiwakataze Kiingereza wala Kiswahili, maana vitawafaa, kama vilivyomfaa Okot. Lakini kila jina lina habari yake. Mwezi huu kila mzazi amweleze mtoto wake maana ya jina lake, nani alimpa, na kijiji cha babu kilikuwa kando ya mto gani. Kama nyanya au babu yupo, mtoto aandike anayosimuliwa katika daftari. Hatujui tutarudi lini, wala kama tutarudi. Boga la mji wa zamani tusiling'oe kwa mikono yetu wenyewe.

Mungu awabariki nyote.