Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Msimamizi wa Walimu

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa mwaka 1651 katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa, katika jamaa ya watu matajiri. Alipata upadri mwaka 1678, naye alikuwa kanoni, yaani mmoja wa mapadri wenye cheo na mapato katika kanisa kuu la askofu.

Siku zile watoto wengi wa maskini walizurura njiani bila mafundisho. Walimu wao nao hawakuwa wamefunzwa kazi yao, wala hawakujua kuongoza darasa. Jean-Baptiste akawahurumia walimu hao, na mwaka 1681 akawakaribisha kukaa nyumbani mwake. Jamaa zake walichukizwa, wakiona aibu kuketi pamoja na watu wa hali ya chini.

Akawahimiza walimu wamtumaini Mungu, wasihangaikie kesho. Nao wakamjibu kwamba maneno hayo ni mepesi kinywani mwa tajiri: shule zikianguka, yeye atabaki na mali yake, nao watakuwa ombaomba. Jean-Baptiste akatambua ya kuwa wamesema kweli. Mwaka 1683 akaacha ukanoni. Na njaa ilipoingia Reims mwaka 1684, akaigawa mali yake, maskini wapate mkate. Tangu hapo alikuwa maskini pamoja na walimu wake.

Ndivyo lilivyokua shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo. Huko Reims alifungua pia nyumba ya kuwafunza ualimu vijana waliotumwa na maparoko wa vijijini. Wakiisha kufunzwa, walirudi kufundisha kwao. Akaagiza watoto wajifunze kusoma kwanza kwa lugha yao wenyewe, si kwa Kilatini wasichokifahamu.

Taabu hazikukosa. Walimu wa kulipwa wa Paris walimshtaki barazani, kwa kuwa shule zake zilifundisha bure. Hata hivyo hakuiacha kazi mpaka alipofariki Rouen, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu. Mabruda wake walifika Kongo mwaka 1909.

Basi, wakatekumeni wa Lubumbashi na wa vijiji vyote vya Katanga, mwombeeni mwalimu wenu. Na kijana anayetamani ualimu akumbuke kwamba kazi hiyo hujifunzwa kwa bidii, na kwamba anayefundisha kumtumaini Mungu hana budi kumtumaini yeye kwanza.