Mpika Pombe Aliyeuawa na Ndovu

Msomaji mpenzi, huenda ukashangaa kumwona mtu wa pwani, aliyelelewa chuoni kwa juzuu na msahafu, akishika kalamu kuandika habari za mpika pombe. Usilikunje gazeti. Ulevi kwetu ni haramu, na haramu haibadiliki kwa kusimuliwa. Lakini maisha ya mwanadamu yana mazingatio, hata ya yule asiyeshika njia yetu.

Nilikuwa Mutomo, kusini mwa Kitui, nchi ya vumbi jekundu, mibuyu na mizinga ya nyuki. Nilikaa katika mkahawa nikinywa chai. Ukuta wa ng'ambo ulichorwa kichwa cha ndovu, alama ya bia ya Tusker. Mzee mmoja wa Kikamba, aliyeniita mwalimu kwa ajili ya kofia yangu, aliniuliza sababu ya pombe kupewa sura ya mnyama anayewaharibia mashamba, maana Tsavo haiko mbali. Nikamweleza.

Mnamo mwaka 1922, walowezi wawili ndugu, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao H. A. Dowding, waliunda kampuni ya Kenya Breweries huko Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi. Zama hizo bia nyingi ya walowezi ilitoka Ulaya kwa meli, ikashushwa Mombasa na kupandishwa bara kwa gari la moshi. George na wenziwe waliona faida ya kuipika papo hapo. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kreti kumi za kwanza zilipelekwa hoteli ya New Stanley.

Mwaka uliofuata, 1923, George alikwenda kuwinda, na ndovu akamuua. Kazi aliyoianza hakuiona ikikua. Bia yao ikaitwa Tusker, jina la Kiingereza la ndovu mwenye pembe ndefu, kuwa ukumbusho wake. Mwaka 1936 kampuni ilikuwa imekwisha vuka mpaka hadi Tanganyika, ikabadili jina na kuwa East African Breweries.

Mzee alicheka, akanikumbusha kuwa Ukambani walipika kabla ya Hurst kuzaliwa. Uki wao hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, ukachachushwa kwa tunda la mwegea. Ulikuwa wa wazee, wa mahari na wa matambiko, kijana hakuugusa. Kisha akaja mgeni akaifanya kazi hiyo biashara, na sheria ya mkoloni ikamkataza Mwafrika bia ya chupa hadi miaka ya 1940. Hilo lilimuuma mzee kuliko kisa cha ndovu. Wala hakuuma kwa kiu: yeye mwenyewe aliacha kunywa zamani. Liliuma kwa sababu alihesabiwa mtoto katika nchi yake.

Nilimwachia neno moja la kwetu. Sisi watu wa pwani mnyama tunamwita ndovu, na tembo ni ulevi unaogemwa mnazini. Bara tembo ndiye mnyama. Basi George Hurst alifuata tembo la kwetu, akauawa na tembo wa bara. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaagiza chai ya pili, yangu na yake.