Nabongo Mumia na Deni la Kuaminiwa

Cheo hutolewa kwa siku moja, ilhali kuaminiwa hujengwa kwa mazoea ya kila siku: namna kiongozi anavyompokea mgeni, anavyosikiliza mashauri na anavyotimiza neno lake. Katika historia ya magharibi mwa Kenya, kuanzia Mumias hadi Busia na Malaba mpakani mwa Uganda, jambo hili hudhihirika katika maisha ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga. Maisha hayo yanafunza kwa pande mbili, kwa yale aliyoyafaulu na kwa yale yaliyomshinda.

Mumia alikuwa mwana wa Nabongo Shiundu, na alirithi kiti cha baba yake mwaka 1882. Makao yake yalikuwa Elureko, mahali palipokuja kuitwa Mumias kutokana na jina lake. Wakati huo misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuizoea njia hiyo. Wapagazi walifika wamechoka, wakatua mizigo na kununua chakula, kisha wakaelekea magharibi kupitia nchi ambayo leo ni Busia, hadi Busoga na Buganda. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilisikika Elureko miaka mingi kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901.

Zoea la kwanza lililompa Mumia sifa ni ukarimu. Mvumbuzi Joseph Thomson alipita kwake mwaka 1883. Miaka miwili baadaye alifika Askofu James Hannington, akawaacha hapo watu wengi wa msafara wake chini ya Padri William Jones, naye akaendelea mbele na watu wapatao hamsini. Mwishoni mwa Oktoba 1885 askofu huyo aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Waliobaki Elureko sasa walikuwa msafara usio na mkuu wake, wenye mizigo, na mbali na kwao. Mtawala mwenye tamaa angeweza kuupora. Mumia aliwahifadhi, nao wakaweza kurejea pwani salama. Hata mifupa ya askofu iliporudishwa kutoka Busoga, ilitunzwa kwake hadi ilipopelekwa kuzikwa Namirembe mwaka 1892. Ukarimu unaodumu hata mgeni anapokuwa hana nguvu wala faida ndio uliowafanya watu wa mbali waamini kwamba kwa Mumia pana usalama.

Zoea la pili lilikuwa kutawala pamoja na watu. Desturi ya Wawanga ilimtaka Nabongo aketi na wazee wa koo, asikilize kesi na kupima maneno kabla ya kuamua. Aidha, ndoa zilimfunga na koo za majirani, hivi kwamba uhusiano wao haukuwa wa amri tu, bali pia wa ukwe na udugu.

Hata hivyo, mambo yalibadilika Waingereza walipoweka kituo chao Elureko mwaka 1894. Mumia aliwapokea kama alivyowapokea wageni wengine, lakini hawa hawakuwa wapita njia. Mwaka 1895 wapiganaji wake waliandamana nao katika vita dhidi ya Wabukusu, vita vilivyoacha uchungu wa muda mrefu. Mwaka 1902 nchi hiyo iliondolewa katika himaya ya Uganda na kuunganishwa na ile ya Afrika Mashariki, na mpaka mpya ukawagawa Wasamia na Wateso, ndugu wakawa raia wa tawala mbili. Kisha mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini.

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuja. Eneo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja kulifikia, kwa hiyo jamaa zake na mawakala wengine wa Kiwanga walitumwa kutawala majirani, wakiwemo Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wateso. Jamii hizi zilikuwa na wazee wao na desturi zao. Wakala alifika akiwa na askari na kudai kodi na kazi za barabara. Watu hawakuwahi kula mezani pake wala kuona shauri lao likisikilizwa naye. Wakamtii kwa hofu, huku wakinung'unika. Imani ambayo Mumia aliijenga kwa miaka mingi haikuweza kuhamishwa kwa barua ya uteuzi.

Makao ya wilaya yalihamishiwa Kakamega mwaka 1920, na mwaka 1926 Mumia akastaafu. Malalamiko dhidi ya machifu wa Kiwanga yaliendelea, na katika miaka ya 1930 nafasi zao zilizidi kuchukuliwa na wenyeji wa kila eneo. Mumia alifariki mwaka 1949, akiwa mzee sana. Wapo wanaomkumbuka kama mlezi wa wageni, na wapo wanaomkumbuka kama mlango alioingilia mkoloni. Kumbukumbu zote mbili zina ukweli.

Funzo lake halijapitwa na wakati. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, ili maafisa wa Kenya na Uganda wahudumu chini ya paa moja. Iwe hapo, Malaba, au katika ofisi yoyote ile, mkuu wa kazi anaweza kuwa na tabia njema yeye binafsi, ilhali mwananchi hukutana na msaidizi aliyeko dirishani. Asiyewafunza wasaidizi wake mazoea yake mema huhukumiwa kwa mabaya yao. Kuaminiwa ni deni, na kila anayetumwa kwa niaba ya kiongozi hana budi kulilipa upya kwa mwenendo wake.