Robert Brown na Chembe Zisizotulia

Robert Brown alizaliwa Montrose, Uskochi, mwaka 1773. Mwaka 1827 aliona kwa hadubini chembe zitokazo katika chavua zikitikisika majini bila kukoma. Awali alidhani zina uhai, lakini hakuridhika. Alijaribu unga wa kioo na wa mawe, hata wa kipande cha Sfinksi ya Misri, nao ukatikisika vilevile. Alifariki mwaka 1858. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba molekuli za maji ndizo zinazozisukuma. Chembe ndogo hutikisika upesi zaidi. Hivyo leo mmemetuko wa mwanga zinaoutawanya hutujulisha ukubwa wake.

Basi mwanafunzi wa Chumbi akituuliza kwa nini tope laini la Rufiji huchelewa kutuama, tusikimbilie kumjibu. Tumpe bilauri, maji na nafasi ya kujaribu.