Mukesh: Sauti iliyomwimbia rafiki hadi siku ya kuagana

MIONGONI mwa sauti ambazo filamu za Kihindi zilizieneza duniani katika karne ya 20, ni chache zilizofungamana na urafiki kama ile ya marehemu Mukesh. Tangu filamu ya Aag ya mwaka 1948, mwimbaji huyo alimwazima sauti yake mwigizaji na mtengenezaji wa filamu Raj Kapoor, hata watazamaji wakawa hawawezi kumwona mmoja bila kumkumbuka mwenzake.

Katika filamu hizo, mwigizaji hufungua na kufumba mdomo tu wakati wa wimbo. Sauti inayosikika ni ya mwimbaji aliyerekodi studio bila kuonekana. Jina la mwimbaji huvuma, lakini sura inayobaki machoni ni ya mtu mwingine. Mukesh aliikubali nafasi hiyo, ingawa si bila ya kujaribu kwanza kutoka kivulini.

Mukesh Chand Mathur alizaliwa Delhi, Julai 22, 1923. Aliacha shule baada ya darasa la kumi na kuajiriwa kwa muda mfupi katika idara ya kazi za umma. Jamaa yake, mwigizaji Motilal, alikitambua kipaji chake, akamchukua hadi Bombay, jiji ambalo leo linaitwa Mumbai, na kumtafutia mwalimu wa muziki.

Mwaka 1941 aliigiza na kuimba katika filamu ya Nirdosh. Sifa zilimjia mwaka 1945 kwa wimbo wa filamu ya Pehli Nazar, uliotungwa muziki wake na Anil Biswas. Humo alimfuata mno gwiji aliyemhusudu, K. L. Saigal, na ilimchukua muda kuipata sauti iliyo yake mwenyewe: nzito kidogo, yenye huzuni isiyolalamika.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfaa Raj Kapoor, ambaye alipenda kuigiza mtu wa chini mwenye moyo safi. Filamu ya Barsaat ya mwaka 1949 iliwaunganisha na watunzi wa muziki Shankar na Jaikishan, pamoja na washairi Shailendra na Hasrat Jaipuri. Miaka miwili baadaye, Awaara ilivuka mipaka na kupendwa katika Muungano wa Kisovieti, Uturuki na China. Katika pwani ya Afrika Mashariki nako, filamu za Kihindi zilijaza kumbi za sinema, na waimbaji wa taarab wakavika maneno ya Kiswahili tuni zilizotoka Bombay.

Katikati ya mafanikio hayo, Mukesh alitamani kuonekana. Aliigiza katika Mashuqa ya mwaka 1953 na Anurag ya mwaka 1956, lakini filamu hizo hazikufua dafu. Katika kipindi hicho, nyimbo nyingi za Raj Kapoor ziliimbwa na Manna Dey, na katika Chori Chori ya mwaka 1956 Mukesh hakusikika kabisa akimwimbia rafiki yake.

Hata hivyo, mlango haukufungwa. Mwaka 1959 wawili hao walikuwa pamoja tena katika Anari, na wimbo mmoja wa filamu hiyo ulimpatia Mukesh tuzo ya Filmfare, ya kwanza kati ya nne alizopata maishani mwake na baada ya kifo.

Mwaka 1964 urafiki wenyewe ukawa hadithi. Sangam ilisimulia habari za marafiki wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na ni Mukesh aliyeimba uchungu wa mtu anayeamini kwamba rafiki yake amemgeuka.

Kisha kundi likaanza kupukutika. Shailendra alifariki dunia Desemba 14, 1966, siku ambayo Raj Kapoor alikuwa akitimiza miaka 42. Aliacha shairi la filamu ya Mera Naam Joker halijakamilika, na mwanawe ndiye aliyelimalizia. Mukesh aliliimba kama kwaheri ya mchekeshaji wa sarakasi. Filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1970, ilimwingiza Raj Kapoor katika hasara kubwa, lakini nyimbo zake zingali hai. Jaikishan naye aliaga dunia mwaka 1971.

Agosti 27, 1976, zamu ilikuwa ya Mukesh. Akiwa Detroit, Marekani, katika ziara ya maonyesho pamoja na Lata Mangeshkar, alipatwa na maradhi ya moyo na kufariki akiwa na umri wa miaka 53. Mwanawe, Nitin Mukesh, aliyekuwa katika ziara hiyo, alipanda jukwaani kuimba mahali pa baba yake. Mwili ulirejeshwa India, na Raj Kapoor akaomboleza kwamba amepoteza sauti yake.

Kuagana hakukuishia hapo. Mwaka 1978 Raj Kapoor alitoa filamu ya Satyam Shivam Sundaram, iliyochezwa na mdogo wake, Shashi. Ndani yake ulikuwamo wimbo ambao Mukesh alikuwa ameurekodi kabla ya safari ya Marekani. Watazamaji walioketi gizani walimsikia tena, takriban miaka miwili baada ya mazishi yake, akiifanyia kazi filamu ya rafiki yake.